Kutoka HADO hadi HASHI: wiki moja na ushee kati ya Kondoa na Shinyanga

Waliosoma Jiografia sekondari wanayakumbuka haya majina mawili. Unakariri kirefu chake, Hifadhi Ardhi Dodoma na Hifadhi Ardhi Shinyanga, miradi ya serikali ya kuokoa ardhi iliyoharibika, unajibu swali la mmomonyoko wa udongo, unapata alama zako, unasahau. Mimi nilisahau mpaka mwezi wa saba mwaka 2025, Rais Samia alipozindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Nguzo yake ya tatu ni uhifadhi wa mazingira na kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Tunazungumzia miaka 25 mbele. Nikawaza: hii si mara ya kwanza serikali yetu kupanga kwa miaka mingi kuhusu ardhi. Ile mipango ya zamani iliacha nini chini, kwenye udongo wenyewe?

Likizo ilikuwa ya Agosti, wiki iliyofuata Nane Nane. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei zote ni za wakati huo, zikipanda msinilaumu.

Jumatatu: Dar es Salaam – Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida, 31,000. Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, maana baada ya Nane Nane nusu ya nchi inakuwa inatoka au inaingia Dodoma. Fika mapema pia, mizigo inapita kwenye mashine na foleni haina haraka na mtu.

Hadi Morogoro nilisinzia. Macho yalifunguka baada ya Kilosa, treni ilipoanza kupenya milimani. Kiti cha jirani alikaa mzee mmoja, mstaafu wa reli ya zamani, na kila tulipotoka kwenye handaki alinionyesha kidole kule bondeni. "Pale, mwanangu. Pale tumekula mvua miaka na miaka." Kipande cha Kilosa hadi Gulwe ndicho kilichoitesa reli ya kati kuliko vyote. Mafuriko yakija, tuta linaondoka na treni zinalala. Nikamuuliza kama ni mvua tu. Akacheka. "Mvua ilikuwepo tangu Mjerumani. Kilichoongezeka ni mchanga." Mchanga huo unatoka juu, Mpwapwa na Kongwa, kwenye vilima vilivyovuliwa miti na kulimwa mpaka kileleni. Unashuka na maji, unajaza mto, mto unatafuta njia nyingine, na njia rahisi ni tuta la reli.

Alishuka Dodoma bila kuniachia namba ya simu, lakini mfuko mzima wa karanga aliniachia.

Kitu kimoja kilinijia nilipokuwa nakula chipsi kuku jioni karibu na stendi ya Nanenane. Mwaka 1973 ndio TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka huohuo, 1973, ndio serikali ilianzisha HADO kwa msaada wa Sweden. Uamuzi wa kwanza ulichukua zaidi ya miaka 40 kutimia kwa dhati. Kuhusu wa pili, kesho yake nilikuwa naelekea kuuona.

Jumanne: Dodoma – Kondoa

Basi la saa mbili asubuhi liliondoka saa nne na nusu. Konda alituambia "tunaondoka sasa hivi" kwa saa mbili na nusu mfululizo bila kuona aibu. Nauli 10,000. Barabara yenyewe ni raha. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na wazee wa basi bado wanaisifu kwa sababu wanaikumbuka ya zamani: vumbi, mashimo, kulala njiani.

Angalia mashamba ukishatoka mjini. Utaona visiki vyenye vichipukizi virefu vilivyopunguzwa vikabaki viwili au vitatu, na vingine vimefungwa kitambaa ili mkulima asivikate wakati wa kulima. Hiyo ndiyo kisiki hai. Hakuna mche unaonunuliwa, hakuna kitalu. Mizizi ipo chini tayari, unachofanya ni kuacha kuikata kila mwaka. Dada niliyekaa naye, mwalimu wa msingi Chemba, alisema wanafunzi wake wanaijua vizuri kuliko wazazi wao, ila kuni za kupikia uji shuleni bado zinatoka palepale.

Kondoa mjini nilipata gesti ya 25,000, safi, maji ya kutosha. Chakula cha jioni: ugali wa uwele, mlenda na mboga nyingine ya majani ambayo mama lishe aliniambia jina lake kwa Kirangi na sikuweza kulitamka. Elfu tatu. Alipojua nimekuja kuona HADO aliita nje kwa sauti: "Kuna mtu hapa anatafuta HADO!" Dakika tano baadaye nilikuwa na kijana wa bodaboda ambaye babu yake anaishi upande wa Haubi na "anaijua yote".

Jumatano: vilima vya Irangi

Boda ya siku nzima, 35,000 na mafuta juu yake. Valia viatu vilivyofunga na ubebe maji. Njia ya Haubi inapanda na kushuka, na kuna sehemu unateremka unatembea kwa miguu huku kijana akisukuma pikipiki.

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo utaona vichaka tu. Eneo lililohifadhiwa hapa Kondoa ni kilomita za mraba 1,256. Miaka ya katikati ya karne iliyopita lilikuwa makorongo. Wakoloni walishajaribu matuta na amri zao, watu wakazichukia. HADO ilipoanza ilikuja na vitalu vya miche, greda na trekta za kuchonga makinga maji kwenye miteremko, vizuizi ndani ya makorongo, na mkonge na matete kandokando ya mito ya mchanga. Miaka sita ikapita, na mifugo ikawa inakula kila kinachoota. Ndipo 1979 ikatoka amri ambayo hata leo ukiitaja Kondoa watu wanatulia kidogo kabla ya kujibu: mifugo yote itoke. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, kilomita za mraba 1,256 zibaki bila kwato.

Babu tulimkuta amekaa chini ya mwembe akichambua maharage. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za Dar, halafu tukafika kwenye jambo.

"Nilikuwa na ng'ombe ishirini na kitu. Tulipewa siku. Nikawaswaga mimi na mdogo wangu mpaka Kiteto, kwa shemeji. Tulitembea usiku, mchana tunapumzika. Niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: watoto watakunywa nini?"

Nikamuuliza kama amri ile ilikuwa mbaya. Hakujibu moja kwa moja. Alisimama, akachukua fimbo, akatuambia tumfuate.

Tulishuka nyuma ya nyumba mita kama mia mbili mpaka kwenye korongo. Ukutani mwa korongo kuna mgunga mkubwa, na mizizi yake ya zamani inaning'inia hewani, mikavu, minene kama mkono. Nilisimama chini yake na kunyoosha mkono, sikuufikia. Pale ilipo mizizi ndipo ardhi ilipokuwa. Chini yake kuta zote zimeshikwa na nyasi na vichaka, na ndani ya korongo, palipokuwa njia ya maji ya kuogofya, kuna migomba, miwa na matuta ya viazi vitamu. Udongo ni mchanga laini, lakini ukichimba kwa kidole unakutana na unyevunyevu, Agosti hiyo! Babu alipiga fimbo chini. "Hapa ndama wangu wawili walikufa, walitumbukia. Sasa mjukuu wangu anauza miwa."

Nikauliza tena: kwa hiyo amri ilikuwa nzuri?

"Ardhi ilinenepa," alisema, "watoto wakakonda."

Sijapata maelezo mengine ya HADO yaliyonikaa kichwani kama hayo. Vitabu vya shule vinasema mradi ulifanikiwa, na kwa macho yangu naweza kuthibitisha: vilima vilivyokuwa vyekundu kwenye picha za zamani leo ni vya kijani cha vichaka, na myombo imerudi yenyewe bila mtu kuipanda. Ila gharama hiyo haikuwekwa kwenye bajeti ya mradi wowote. Ilibebwa na akina mama waliokosa maziwa, na ikabebwa na Kiteto, ambako Warangi wengi walihamia na mifugo yao wakiifuata ardhi. Migogoro ya wakulima na wafugaji iliyokuja kuisumbua Kiteto miaka ya baadaye ina sababu nyingi, lakini mimi siwezi tena kuisoma bila kuiona ile misafara ya usiku.

Ufugaji wa ndani uliingizwa miaka kumi hivi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980: ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, wamefungwa bandani, wanaletewa majani. Nyumba ya jirani tulimwona mmoja, mweusi mwenye mabaka, anakula matete na mashudu ya alizeti. Anatoa lita saba kwa siku msimu huu, mwenye nyumba alisema. Niliuliza ilikuwaje hii haikuja kwanza, kabla ya amri, na mwenye nyumba akasema hilo swali ameliuliza tangu akiwa kijana.

Tukiwa njiani kurudi tuliona mbuzi kama kumi juu ya kilima. Watoto wawili waliokuwa nao walitukimbia walipoona mgeni mwenye daftari. Dereva wangu alicheka tu. Ufadhili wa Sweden uliisha miaka ya 1990, mabwana shamba wengi wakaondoka, na mbuzi wakaanza kurudi kidogokidogo kama mtu anayerudi nyumbani baada ya ugomvi.

*Kwa atakayefuata njia hii:* usiende msimu wa mvua kwa pikipiki. Pitia ofisi ya kijiji kwanza na ujitambulishe. Watu wa hapa wamehojiwa na watafiti kwa miaka 50, wana uvumilivu lakini pia wana mzaha. Mama mmoja aliniuliza: "Na wewe utatuletea kitabu, au utaenda nacho?"

Alhamisi: Kolo, Babati, Katesh, Singida

Siku ya mwendo. Asubuhi niliteremkia Kolo kuona michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Jiandikishe kwenye ofisi ya malikale iliyopo barabarani, wanakupa mtu wa kukuongoza, halafu ni usafiri mwingine na kupanda kwa miguu. Nilichokuwa nakitafuta kipo kwenye mwamba wa Mungomi wa Kolo: twiga, swala na watu wembamba warefu kwa rangi nyekundu, na chini yake wenyeji bado wanafanya matambiko, ya mvua yakiwemo. Ukisimama pale juu na kutazama bondeni unaona msitu ambao pengine bila amri ya 1979 usingekuwepo.

Kolo mpaka Babati nilipata Noah, tulikaa wanne kwenye kiti cha watatu. Babati wali samaki. Basi la Singida likapita Katesh, chini ya mlima Hanang, na ndani ya basi watu wakaacha kuongea. Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani asubuhi na mapema na kuua watu zaidi ya 80. Alama bado ipo, mstari wa kijivu ubavuni mwa mlima. Baba mmoja nyuma yangu alionyesha mahali lilipokuwa soko. Ninaelewa kuwa mwamba wenyewe ulikuwa dhaifu na mvua ilikuwa kubwa mno. Lakini nani aliyepanga watu wajenge kwenye njia ya maji, na ramani ya mji ilisema nini? Maswali hayo hayakuwa yangu peke yangu ndani ya basi lile.

Singida saa mbili usiku, kuku wa kienyeji, 9,000 nusu. Anastahili sifa zake zote.

Ijumaa: Singida – Shinyanga

Mteremko wa Sekenke, Shelui, Igunga, Nzega, Tinde. Tambarare, joto, usingizi. Nauli 22,000.

Jambo moja tu la kuandika. Mahali kati ya Shelui na Igunga basi lilisimama kwenye magunia ya mkaa, abiria wakashuka kununua, konda akayapanga chini kwenye buti. Nilihesabu magunia mpaka nikachoka. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi mwaka huo wa mwisho. Dada aliyenunua magunia mawili ana mtungi wa gesi nyumbani, aliniambia, ule mdogo. "Naupikia chai. Maharage na makande nitayapikia gesi mimi? Nani ananijazia?" Sina jibu, na sidhani mkakati unalo jibu lililomfikia bado.

Shinyanga nilipokelewa na bwana misitu mstaafu, baba wa rafiki yangu niliyesoma naye. Mkewe alikuwa ameandaa michembe ya karanga na maziwa ya mgando. Kwa wasioijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Inakaa miezi, na Msukuma hasafiri mbali bila nayo.

Jumamosi: ngitili

Baba huyu alifanya kazi HASHI. Usiku ule kabla ya kulala alinipa historia yake, na mimi nitaifupisha.

Shinyanga ilikuwa na miti. Enzi za Mwingereza vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kumwangamiza mbung'o, maana bila kichaka mbung'o hakai, na bila mbung'o ng'ombe wanaongezeka. Wakaongezeka kweli. Ikaja pamba, kila penye nafasi pakalimwa. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maboma yao, na wakaacha nyuma kitu ambacho mpangaji wa vijiji hakukijua: ngitili. Hili ni eneo la malisho ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza, nyasi zikue bila kuguswa, kisha hulifungua kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane. Ukihamia kijiji kipya kilomita nane mbali, ngitili yako nani atailinda? Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliifananisha Shinyanga na jangwa. Mwaka 1986 HASHI ikaanzishwa, baadaye Norway ikaifadhili. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimebaki mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi.

"Tulianza vibaya," alisema. "Tulianza na miche. Tulipanda miti ya kigeni, tukagawa bure, mbuzi wakala, mchwa wakamaliza. Kisha tukafanya jambo ambalo afisa hapendi kulifanya. Tukauliza."

Wakaambiwa: rudisheni ngitili. Basi kazi ikageuka. Badala ya afisa kupanda mti, kijiji kinakubaliana eneo, kinaweka mipaka, na sheria inatungwa na wanakijiji wenyewe kwenye dagashida, baraza la jadi, halafu inaandikwa kuwa sheria ndogo ya serikali ya kijiji. Sungusungu, walinzi wa jadi, wanalinda. Ukiingiza ng'ombe wakati eneo limefungwa unatozwa faini, na faini ya jadi haina risiti lakini hailipwi kwa maneno. Mradi ulipofungwa 2004, hekta zilizorejeshwa zilikuwa zaidi ya 300,000. Miaka miwili kabla ya hapo HASHI ilikuwa imeshashinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Asubuhi tukaenda kijiji kimoja upande wa Tinde. Jina nalihifadhi, sababu yake mtaiona.

"Mwangaluka!" "Mwangaluka!" Mwenyekiti wa ngitili, mzee wa miaka sabini hivi mwenye kofia ya CCM iliyopauka, alitupeleka kwa miguu. Mpaka hauna waya wala ukuta, ni mstari wa minyaa na mawe mawili matatu yaliyopakwa chokaa. Nilisimama mguu mmoja huku, mmoja kule. Huku ardhi ni tupu, ngumu, imejaa nyayo za kwato zilizokauka tangu mvua za mwisho. Kule nyasi za manjano zinafika magotini, zinasimama, na kati yake migunga ya umri tofauti, mingine mirefu kuliko nyumba. Mzee aling'oa shina moja la nyasi, akalivunja, akanionyesha katikati: bado kijani kidogo. "Hii ndiyo benki," alisema, halafu akacheka mwenyewe, kwa sababu bwana misitu alikuwa amemwambia asiniambie hilo neno, kila mgeni anaambiwa.

Ilikuwa wiki ya pili tangu ifunguliwe. Hawafungui yote kwa pamoja. Wanaanza na kipande kimoja, na wanaoingia kwanza ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa kulimia, kwa sababu mvua ikija ghafla ni hao maksai watakaovuta jembe. Madume na mbuzi wanasubiri. Kijana mmoja wa kama miaka 16 alikuwa analisha pale akisikiliza redio ya simu. Nilimuuliza kama hajawahi kuingiza ng'ombe kabla ya siku. "Mara moja. Ulipigwa mwano." Mwano ni yowe la sungusungu. Hakuendelea.

Faida yake haiko kwenye nyasi tu. Wakina mama wanaokota kuni za matawi makavu humo, kuna uyoga, asali, dawa, miti ya kujengea. Utafiti uliochapishwa 2005 na wizara ya maliasili pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ulikadiria thamani ya ngitili kwa mtu mmoja kuwa dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Walihesabu humo aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Mimi niliona kwale na ndege mmoja wa bluu ambaye mzee alimwita kwa Kisukuma.

Sasa kwa nini sitaji kijiji. Mwisho wa ngitili, upande wa bondeni, kuna majaruba ya mpunga. Mwaka juzi hayakuwepo. Miti imekatwa, mingine imeachwa imelala. Waliolima ni vijana wa kijiji hichohicho, wanasema watu wameongezeka na ardhi haijaongezeka, na wana haki ya kula. Hawasemi uongo. Upande mwingine kuna visiki vipya vya miti iliyonyooka, saizi ya matimba, zile nguzo za kushikilia mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kesi ya majaruba ipo kwenye baraza la kijiji. Sungusungu walikwenda kuwatoa wakaambiwa ngitili hiyo haina hati. Wenyewe wanadai ramani ilichorwa enzi za HASHI, lakini nakala ya ofisini haionekani.

Nilimuuliza mzee kama amesikia habari za Dira 2050. Alikuwa ameisikia redioni. "Elfu mbili na hamsini mimi sitakuwepo. Hawa," alionyesha kijana mwenye redio, "ndio wenye majaruba."

*Kwa atakayetaka kuona ngitili:* nenda Agosti au Septemba, utaona tofauti kwa macho. Mvua zikianza kila kitu ni kijani na hutaelewa. Pita kwa mtendaji wa kata, usijipeleke. Beba sukari au sabuni kwa mwenyeji wako, usitoe pesa mbele za watu.

Jumapili

Kanisa, usingizi, na foleni ya kuchaji simu maana umeme ulikatika mchana kutwa.

Jumatatu: Lubaga, na safari ya kurudi

Lubaga, nje kidogo ya mji, ndipo yalipokuwa makao ya HASHI. Mradi ulipoisha kituo kilibaki mikononi mwa serikali kwa ajili ya misitu ya asili na kilimo mseto. Tulizunguka kwenye miti ya majaribio. Bwana misitu aliigusa mmoja mmoja akiitaja mwaka iliyopandwa, kama mtu anayetaja wanafunzi wake. Kuna iliyofanya vizuri kupita matarajio. Kuna safu nzima iliyokufa, na hiyo ndiyo aliyoisimulia kwa muda mrefu zaidi.

Tanzania imeahidi, chini ya mpango wa Afrika wa AFR100, kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika ifikapo 2030. Nilimtajia namba hiyo. Aliikokotoa kichwani huku anatembea: kama HASHI ilifanya laki tatu na zaidi kwa miaka 18 katika mkoa mmoja mkubwa wa wakati ule... "Inawezekana," alisema. "Ila isihesabiwe kwa miche. Siku wakianza kuhesabu miche, ujue wamerudi tulipoanzia."

Mimi naona ana haki. Kila mwaka tunasikia miche milioni kadhaa imepandwa mkoa huu na ule, picha zinapigwa, jembe linashikwa na mkubwa. Kondoa haikuponywa na miche. Iliponywa na kuondoa kwato, kwa amri na kwa maumivu. Shinyanga iliponywa na kufunga na kufungua ardhi kwa wakati, kwa sheria ambayo watu waliitunga wenyewe. Vyote viwili vilichukua muda mrefu kuliko waziri yeyote anavyokaa ofisini, na leo vyote viwili vinang'atwa pembeni: mbuzi kule, mpunga huku.

Basi la usiku la Dar, 55,000, lilifika stendi ya Magufuli saa tatu asubuhi. Kiti cha mbele dirishani ni baridi sana kuanzia Singida hadi Dodoma, chukua shuka.

Kabla sijamaliza kuandika haya bwana misitu alinipigia. Ile kesi ya majaruba ilikuwa imeahirishwa mpaka uchaguzi wa Oktoba 2025 upite, kwa sababu mgombea mmoja wa udiwani alikuwa ameshawaahidi vijana kwamba akishinda watapimiwa bonde lile. Mpinzani wake, aliposikia, aliahidi kuwapimia eneo kubwa zaidi. Mzee mwenyekiti yeye alikuwa ameanza kupeleka watu usiku wakachimbe upya mtaro wa mpaka, kabla mvua hazijaanza.